Nyuki Waliovuka Bahari: Filamu, Hofu na Asali

Usiku wa Jumatatu tarehe 22 Novemba mwaka 1976, familia nyingi nchini Marekani zilikaa mbele ya televisheni zao kutazama filamu mpya ya shirika la NBC. Jina lake lilikuwa The Savage Bees, yaani Nyuki Wakatili. Haikutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Ilitengenezwa kwa ajili ya sebule, ili itazamwe baada ya chakula cha jioni huku watoto wakijificha nyuma ya viti. Ilikuwa ya aina ile ya hadithi za kubuni zinazochanganya sayansi na kitisho, ambamo mnyama aliyezoeleka anageuka kuwa adui wa binadamu.

Mnyama wa kutisha katika filamu hiyo hakuwa simba, wala mamba, wala papa. Alikuwa mdudu ambaye mkulima wa Tabora anamfahamu tangu utotoni, ambaye mzinga wake hutundikwa juu ya mti msituni, na ambaye asali yake huuzwa kwa chupa kando ya barabara. Makala haya yanaeleza jinsi nyuki wa Afrika alivyovuka bahari, jinsi alivyogeuzwa kuwa jinamizi la Wamarekani, na yale yaliyotokea alipowasili kweli.

Hadithi ya filamu

Filamu iliongozwa na Bruce Geller, mtu aliyekwisha kujipatia sifa kwa kubuni mfululizo wa televisheni wa Mission: Impossible. Hadithi yenyewe iliandikwa na Guerdon Trueblood, na inatokea katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, siku za sherehe ya Mardi Gras, pale mji wa New Orleans unapofurika watu waliovaa vinyago na mavazi ya rangi kabla ya kuingia kwa Kwaresima.

Mambo yanaanza kimya kimya. Mkuu wa polisi wa sehemu za shamba, aliyeigizwa na Ben Johnson, anamkuta mbwa wake amekufa. Haridhiki. Anaupeleka mzoga mjini ili uchunguzwe, na huko anakutana na daktari kijana wa kuchunguza maiti, aliyeigizwa na Michael Parks. Uchunguzi unaonyesha kwamba mbwa ameuawa na nyuki. Daktari anamtafuta mtaalamu wa wadudu, mwanamke aliyeigizwa na Gretchen Corbett, na polepole fumbo linafumbuka. Meli kutoka Amerika ya Kusini imefika ikiwa na maiti za mabaharia, na ndani yake walikuwamo nyuki wa aina ya Kiafrika. Bumba zima sasa liko huru, na mji uko katikati ya sherehe.

Mtazamaji aliyeiona filamu hiyo hasahau mwisho wake. Mtaalamu wa wadudu amenaswa ndani ya gari dogo la Volkswagen, lile ambalo watu wa Afrika Mashariki walizoea kuliita kobe, na nyuki wamelifunika gari lote, vioo na paa, kama blanketi linalotembea. Hawezi kufungua mlango. Wokovu wake unapatikana katika uwanja mkubwa wa michezo uliofunikwa paa, Superdome, ambao ulikuwa umefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1975. Gari linaendeshwa taratibu hadi ndani ya uwanja, milango inafungwa, na mitambo ya kupoza hewa inawashwa kwa nguvu zake zote. Kadiri baridi inavyozidi, nyuki wanalegea, wanashindwa kuruka, na hatimaye wanaanguka.

Nyuki walioonekana katika filamu hawakuwa wa Kiafrika hata kidogo. Walikuwa nyuki wa kawaida wa mizinga ya Marekani, wenye asili ya Ulaya. Mtaalamu Norman Gary, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, ndiye miaka hiyo aliyejulikana kwa ufundi wa kuwaongoza nyuki mbele ya kamera, akitumia harufu ya malkia na maji ya sukari kuwafanya watue pale anapotaka. Kwa maneno mengine, viumbe wapole ndio walioigiza ukatili.

Malkia kutoka Tanganyika

Lakini hadithi haikutungwa yote. Chini yake palikuwa na tukio la kweli, na ili kulielewa inafaa kurejea nyuma miaka 20 kabla ya filamu, hadi jimbo la São Paulo nchini Brazil.

Nyuki wa asali hawakuwapo kiasili katika bara la Amerika. Waliletwa na walowezi kutoka Ulaya, na katika nchi za joto hawakustawi. Walizoea majira ya baridi na maua ya majira ya kuchipua, si mvua za kitropiki. Asali ya Brazil ilikuwa kidogo, na wafugaji walilalamika.

Hapo akaingia Warwick Estevam Kerr, mtaalamu wa elimu ya urithi wa viumbe, aliyezaliwa mwaka 1922. Kerr alijua kwamba barani Afrika wapo nyuki wanaofanya kazi kwa bidii katika joto, wanaotoka mapema asubuhi na kurudi jioni, na wanaotoa asali nyingi. Mwaka 1956 alisafiri kutafuta malkia wa nyuki hao. Wengi aliwapata Afrika Kusini, katika maeneo ya Pretoria, na wengine wachache walitoka Tanganyika, katika nchi ya Tabora.

Hakuchagua Tabora kwa bahati. Misitu ya miyombo ya magharibi mwa Tanzania, kuanzia Sikonge hadi Urambo, ni miongoni mwa makao makuu ya nyuki katika Afrika nzima. Wanyamwezi na jirani zao wamekuwa wakirina asali huko kwa vizazi vingi, kwa mizinga ya magogo na ya magome, na nta ya Tanganyika ilikuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo tangu enzi za ukoloni. Nyuki wa nyanda hizo ni wa jamii ambayo wanasayansi huiita scutellata.

Mpango wa Kerr ulikuwa wa uangalifu. Alitaka kuwachanganya nyuki wa Kiafrika na wale wa Ulaya, ili apate uzao wenye bidhaa nyingi na tabia ya upole. Malkia wake waliwekwa katika mizinga karibu na mji wa Rio Claro, ndani ya msitu wa mikalitusi. Mlangoni mwa kila mzinga palitiwa kizuizi chenye matundu madogo, yanayompitisha nyuki mfanyakazi lakini yanayomzuia malkia, ambaye mwili wake ni mkubwa zaidi.

Mwaka 1957 mfugaji mmoja wa nyuki aliyefika mahali pale aliviona vizuizi hivyo vikiwasumbua nyuki wafanyakazi, wakidondosha chavua waliyoibeba. Kwa nia njema kabisa akaviondoa. Ilipogundulika, makundi 26 yalikuwa yamekwisha kuhama na malkia wao na kupotelea msituni.

Kosa hilo dogo halikuweza kusahihishwa tena. Nyuki wa Kiafrika walikutana na nyuki wa Ulaya, wakazaana nao, na katika kila kizazi tabia za Kiafrika zilishinda. Walianza kuenea kwa mwendo wa kilomita 300 hadi 500 kwa mwaka, kaskazini na kusini, na hakuna mpaka wa nchi uliowazuia.

Miaka ya hofu

Habari kutoka Brazil zilikuwa mbaya. Watu waliumwa hadi kufa, farasi na kuku waliuawa, na wafugaji wengi waliitupa mizinga yao. Magazeti ya huko yakawapa nyuki hao jina la wauaji, na jina likavuka mipaka haraka kuliko nyuki wenyewe.

Wakati huohuo Brazil ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1964. Kerr hakuwa mtu wa kukaa kimya. Alikamatwa mwaka huo wa 1964, na tena mwaka 1969, kwa sababu ya kupinga vitendo vya watawala. Baadaye ilisimuliwa kwamba habari za nyuki wauaji ziliwafaa watawala hao, kwa kuwa zilimchafulia jina mwanasayansi aliyewakosoa.

Nchini Marekani, mwaka 1972, kamati ya wanasayansi iliyotumwa kuchunguza suala hilo ilitoa ripoti na kueleza kwamba nyuki wangeweza siku moja kufika. Ilikuwa ripoti ya kitaalamu, yenye tahadhari na hesabu. Lakini watengenezaji wa filamu nao walikuwa wamekwisha kusikia.

Mwaka 1974 shirika la ABC lilionyesha filamu ya televisheni iliyoitwa Killer Bees, ambamo mwigizaji mkongwe Gloria Swanson alikuwa bibi mwenye uwezo wa ajabu wa kuwatawala nyuki. Mwaka huohuo mwandishi Arthur Herzog alitoa riwaya ya The Swarm. Mwaka 1975 filamu ya Jaws, yenye papa mkubwa, ilijaza majumba ya sinema na kuwafundisha wenye studio kwamba mnyama mmoja wa kuogofya anaweza kuleta utajiri. Televisheni haikuwa na fedha za kuunda papa wa chuma. Nyuki, kwa upande wao, walikuwapo, walikuwa rahisi kupatikana, na kila mtazamaji alikwisha kuumwa na mmoja wao angalau mara moja maishani.

Ndiyo maana The Savage Bees ilifika kwa wakati wake. Ilifuatiwa mwaka 1978 na filamu nyingine ya televisheni iliyoendeleza hadithi ileile, Terror Out of the Sky. Mwaka huohuo riwaya ya Herzog ikageuzwa kuwa sinema kubwa, ikiwa na Michael Caine na waigizaji wengi mashuhuri, lakini watazamaji hawakuvutiwa nayo na wahakiki waliicheka. Hata wachekeshaji hawakubaki nyuma. Katika kipindi cha Saturday Night Live, kilichoanza mwaka 1975, waigizaji walijitokeza wamevaa mavazi ya nyuki yenye mistari ya njano na nyeusi na kufanya mzaha juu ya nyuki wauaji.

Kati ya kicheko na kitisho, ukweli wa kisayansi ulipata nafasi ndogo. Katika nchi iliyokuwa bado inajadili nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, neno Kiafrika lilikaa kando ya neno mauaji, jioni baada ya jioni, bila ya mtu kuuliza sana.

Je, ni wakali kiasi gani?

Swali hili linastahili jibu la haki, kwa sababu hatari ipo na wapo waliofiwa.

Sumu ya nyuki wa Kiafrika si kali kuliko ya nyuki wa Ulaya. Mwiba mmoja hauna tofauti kubwa. Tofauti iko katika wingi na wepesi wa kujibu. Mzinga wa nyuki wa Ulaya unapobughudhiwa, huenda wakatoka makumi. Mzinga wa nyuki wa Kiafrika hutoa mamia, na wakati mwingine zaidi. Nao humfuata adui kwa umbali wa mita 400 au zaidi kabla ya kumwachia.

Kila nyuki anayeuma huacha mwiba wake mwilini na kufa, lakini kabla ya kufa hutoa harufu ya tahadhari inayowaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Kwa hiyo anayeumwa mara moja hugeuka alama, na wanaofuata hulenga palepale. Mtu mzima mwenye afya, asiye na mzio, anaweza kuhimili mamia ya miiba. Mtoto mdogo, mzee, mgonjwa au mnyama aliyefungwa kamba hana nafasi kubwa hivyo. Wengi kati ya waliokufa katika bara la Amerika walikuwa wale wasioweza kukimbia.

Mbona nyuki hawa wakawa hivyo? Jibu liko nyumbani kwao. Barani Afrika nyuki ana maadui wengi: nyegere anayebomoa mzinga kwa makucha, siafu, ndege, na binadamu mwenye moto ambaye amekuwa akirina asali tangu zama za kale. Mzinga uliosita kujitetea uliliwa. Uliojitetea uliacha uzao. Ukali wao si ukatili. Ni ulinzi wa nyumba na watoto. Vilevile wamezoea kuhama haraka wakati wa ukame na moto wa nyika, ndiyo maana walienea kwa kasi ya kushangaza katika nchi mpya.

Ushauri wa wataalamu kwa mtu aliyeshambuliwa haujabadilika kwa miaka mingi. Asipunge mikono wala kuwapigapiga, kwa kuwa mwendo na nyuki waliopondwa huzidisha ghadhabu. Afunike uso kwa shati au khanga, akimbie bila kusimama, aingie ndani ya nyumba au gari na kufunga milango, hata kama wachache wataingia naye. Asijitose majini, kwa sababu nyuki humsubiri juu. Kisha aikwangue miiba iliyobaki haraka iwezekanavyo na atafute daktari.

Siku walipofika

Katika filamu, nyuki waliingia Marekani kwa meli. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1985 kundi la nyuki wa Kiafrika liligunduliwa huko Lost Hills, California, na ilidhaniwa kwamba walikuja na vifaa vya kuchimbia mafuta vilivyosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Kundi hilo liliangamizwa.

Lakini walio wengi walikuja kwa mabawa yao. Walipita Venezuela, wakavuka Panama, wakapanda hadi Mexico, na mwezi Oktoba mwaka 1990 wakakamatwa kwenye mtego karibu na mji mdogo wa Hidalgo, mpakani mwa jimbo la Texas. Kutoka Rio Claro hadi Hidalgo walikuwa wamechukua miaka 33. Kifo cha kwanza kilichothibitishwa katika ardhi ya Marekani kilitokea Texas mwaka 1993. Mwaka huohuo walifika Arizona, na mwaka 1994 California.

Wakazi wa Hidalgo hawakujenga ukuta wala kuhama. Walijenga sanamu. Mbele ya ofisi za mji waliweka nyuki mkubwa wa rangi nyeusi na njano, na watalii wakaanza kusimama hapo kupiga picha. Katika Texas na Arizona, wazima moto walijifunza kuzima makundi ya nyuki kwa maji yenye sabuni, ambayo huwafanya washindwe kuruka. Wafugaji walibadilisha malkia wao mara kwa mara ili kulinda upole wa mizinga. Maisha yakaendelea.

Maangamizi yaliyotabiriwa na filamu hayakutokea. Hakuna mji uliotawaliwa na nyuki. Hakuna uwanja wa michezo uliogeuzwa jokofu.

Hata hivyo, filamu ilibahatisha jambo moja kwa usahihi, nalo ni baridi. Nyuki wa asali hawezi kuruka hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Nyuki wa Ulaya wana mbinu ya kupita majira ya baridi: hukusanyika pamoja, hutikisa misuli yao kupata joto, na hula akiba waliyoiweka. Nyuki wa Tabora na Pretoria hawakujifunza mbinu hiyo vya kutosha, kwa sababu hawakuihitaji. Huko Argentina walisimama pale majira ya baridi yalipozidi, na upande wa kaskazini wamebaki zaidi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kile ambacho mitambo ya Superdome ilifanya kwa dakika chache za filamu, majira ya baridi yamekuwa yakikifanya kila mwaka.

Asali ya wauaji

Katika nchi zilizolazimika kuishi na nyuki hao, mambo yalichukua mkondo ambao hakuna mtunzi wa filamu aliyeuwazia.

Brazil ilianza kwa hasara kubwa. Kisha wafugaji wakajifunza upya kazi yao. Walihamisha mizinga mbali na nyumba na mazizi, wakavaa mavazi kamili, wakatengeneza vifukizo vikubwa vya moshi, na wakachagua malkia kutoka katika mizinga iliyokuwa na upole zaidi. Kerr mwenyewe alisaidia kusambaza malkia wa Kiitalia ili kupunguza ukali. Baada ya muda ikaonekana kwamba alichokitafuta mwaka 1956 kilikuwa kimepatikana, ingawa kwa njia ambayo asingeichagua kamwe. Nyuki hao walistahimili joto, walitoa asali, na kupe mdogo aitwaye varoa, anayeangamiza mizinga Ulaya na Marekani, hakuwadhuru kwa kiwango hicho. Kwa hiyo mfugaji wa Brazil anaweza kuzalisha asali bila kutia dawa mzingani. Katika majimbo makavu ya kaskazini-mashariki kama Piauí, familia nyingi maskini zimepata kipato kutokana na asali hiyo.

Na mnunuzi wake mkuu kwa miaka mingi amekuwa nani? Marekani. Yumkini mtazamaji aliyetetemeka mwaka 1976 amewahi kupaka mkate wake wa asubuhi asali ya nyuki walewale.

Huko Panama, mtafiti David Roubik alichapisha mwaka 2002, katika jarida la Nature, matokeo ya uchunguzi wake juu ya kahawa. Aligundua kwamba miti ya kahawa iliyotembelewa na nyuki wenye asili ya Afrika ilizaa kwa zaidi ya asilimia 50 kuliko ile iliyozuiwa kufikiwa na nyuki. Kahawa nayo, kama wasikilizaji wanavyojua, asili yake ni Afrika. Wahamiaji wawili walikuwa wamekutana ugenini na kutambuana.

Kisiwani Puerto Rico yametokea ya ajabu zaidi. Nyuki hao waligunduliwa huko mwaka 1994. Watu wa kisiwa waliangamiza makundi makali yaliyokuwa karibu na makazi na kuyaacha yaliyotulia. Hapakuwa na mahali pengi pa kukimbilia, na maadui wa asili walikuwa wachache. Katika muda wa miaka kumi na kitu, nyuki hao wakawa wapole karibu sawa na wale wa Ulaya, huku wakihifadhi nguvu zao dhidi ya magonjwa. Uchunguzi wa urithi wao uliochapishwa mwaka 2017 ulithibitisha kwamba badiliko hilo liko ndani ya damu yao na si la kupita. Mnyama aliyeitwa muuaji alikuwa amebadilika pale mazingira yalipobadilika.

Nyumbani alikotoka

Na huku nyumbani Afrika Mashariki, nyuki huyo hajawahi kuitwa muuaji. Anaogopwa, ndiyo, lakini kwa heshima. Warina asali hupanda miti wakati wa giza wakiwa na kienge cha moshi, wakitembea kwa utulivu, kwa kuwa wanajua kwamba wao ndio walioingia katika nyumba ya mwingine. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, na hawakusema mkimbie. Tanzania inahesabiwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa asali barani Afrika, ikiifuata Ethiopia, na mjini Tabora kipo chuo kinachofundisha ufugaji wa nyuki.

Nchini Kenya, ukali uleule uliotengenezewa filamu umepewa kazi ya amani. Katika vijiji vya Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, tembo huvunja mashamba ya mahindi usiku, na watu na tembo hufa katika ugomvi huo. Mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, kwamba tembo wakisikia mvumo wa nyuki hukimbia. Ngozi yao ni nene, lakini nyuki huwauma kwenye macho na ndani ya mkonga. Basi wakulima wakatundika mizinga kuzunguka mashamba, ikiunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika. Uchunguzi wa miaka mingi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba tembo walio wengi waliokaribia ua huo waligeuka na kurudi. Mkulima anabaki na mahindi yake na kupata asali juu yake. Lakini watafiti haohao wanaonya kwamba ukame hupunguza nyuki mizingani, na ua wenye mizinga mitupu haumzuii mtu wala tembo.

Jina hubaki

Warwick Kerr alifariki dunia mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96. Aliongoza taasisi ya utafiti wa Amazoni mjini Manaus, alilea kizazi kizima cha wanasayansi wa Brazil, na mwaka 1990 alichaguliwa kuwa mwanachama wa kigeni wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Habari za kifo chake zilipotangazwa duniani, nyingi zilianza na maneno yaleyale: mtu aliyeleta nyuki wauaji. Maisha marefu ya kazi yalifupishwa kwa kosa la siku moja, ambalo hata hakulitenda kwa mkono wake.

Filamu ya The Savage Bees sasa ni ya zamani. Mavazi yake yanachekesha, na mbinu zake zinaonekana za kitoto kwa kijana aliyezoea picha zinazoundwa na kompyuta. Haikusema uongo mtupu. Nyuki walikuwa njiani kweli, na watu walikufa kweli. Ilichokosea ni kudhani kwamba hadithi ya mgeni inaishia mlangoni, siku anapowasili na watu wanapotimua mbio. Haikuwa na subira ya kungoja mwaka wa kumi, wa ishirini na wa thelathini, pale mgeni na mwenyeji wanapozoeana, mmoja akijifunza upole na mwingine akijifunza tahadhari.

Msikilizaji anayeishi Houston, Phoenix au Miami, ambaye wazazi wake walitoka Kigoma, Bukavu au Mombasa, huenda siku moja akamsikia nyuki akivuma karibu na dirisha. Asimsogelee, na kama mzinga uko ukutani mwa nyumba, awaite wenye kazi hiyo. Lakini ajue kwamba mdudu huyo naye ana ukoo, na huenda bibi yake wa mbali aliondoka Tabora ndani ya kijisanduku kidogo, mwaka 1956, bila kuulizwa kama anataka kusafiri.